Mkono wa Darasa

Mungu alininyima urefu, akaninyima sauti ya kuimba, lakini mishipa alinipa bila kupima. Ipo hapa kwenye kunjo la mkono, minene, hata ukizima taa utaipata kwa kidole. Katika chuo chetu cha wasaidizi wa kliniki, ghorofani pale Kariokor, hiyo ndiyo iliyoniponza.

Chuo kilikuwa na mkono mmoja wa plastiki wa kujifunzia kutoa damu, nao ukapasuka muhula wa kwanza. Basi tukaanza kutobolana sisi kwa sisi. Tuseme ukweli: wakaanza kunitoboa mimi.

"Mbinya, leta mkono, siz," Elsie Awiti alikuwa akiniita. "Hizi si vein, hii ni barabara ya Outering."

Darasa zima linacheka, na mimi mjinga nacheka nao. Nilikaa kwenye kiti mkono umenyooka, nikiwafundisha huku natobolewa: mshipa usiutafute kwa macho, uguse, legeza mpira uliofunga mkono kabla ya kuchomoa sindano, la sivyo damu itaruka. Wao walipata mazoezi, mimi nikapata madoa ya zambarau. Zamu yangu ya kutoboa ikifika, sindano zimekwisha, au mwalimu Ndolo anafunga madirisha. Elsie ndiye aliyekuwa hodari wa kukwepa. "Zangu zimejificha, ata nesi hushindwa. Utaniumiza bure." Siku ya mtihani nilipangiwa kijana mwembamba ambaye hata kipofu angemtoa damu. Nikapita. Cheti nilipata, wepesi wa mkono sikupata.

Baada ya hapo nilikaa kwa dada yangu Dandora mwaka mzima bila kazi, nikilala sebuleni. Shemeji akaanza kuuliza mbele ya wageni kama chuo kile kilikuwa cha kweli. Mwishowe dada akaniambia, bila kunitazama, kwamba nisipopata kitu mwezi huu nirudi Makueni kwa mama. Ndipo kliniki moja ya Tassia ikanipigia simu: nafasi ni moja, njoo ujaribiwe.

Nilimkuta Elsie kwenye benchi. Tulikuwa wawili tu.

Daktari Obonyo, mwenye kliniki, hakutaka hata kuona karatasi zetu. "Cheti ata mimi naweza print," alisema. "Toaneni damu nione. Anayejua kazi anabaki."

Elsie akaanza. Hakuniuliza mkono gani. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe pale vilipozoea. Mara moja tu, damu ikajaa kwenye chupa. Daktari akaipokea, akageukia dirisha kuiangalia. Elsie, kwa furaha, akashika pamba na kuanza kuchomoa sindano, na mpira bado umenikaza juu ya kiwiko. Niliuona. Ningenyamaza tu, damu ingeturukia wote wawili na mambo yake yangeishia hapo.

"Mpira, Elsie," nikamnong'oneza.

Hata leo sijui mdomo huu ulitumwa na nani. Ni mazoea tu. Akaufungua, akachomoa taratibu, na daktari alipogeuka hakukuwa na tone hata moja sakafuni.

Zamu yangu ikafika. Mkono wa Elsie ulikuwa laini kama unga wa chapati uliokandwa. Niligusa, nikabonyeza, nikagusa tena. Nikaomba maji ya uvuguvugu niupashe ili mishipa ijitokeze, daktari akasema wagonjwa hawana siku nzima. Kichwani nilijua kila kitu. Vidole ndivyo havikujua. Nikachoma, hakuna. Nikachoma kando kidogo, hakuna.

"Woi, Mbinya! Si nilikushow utaniumiza?" Elsie akalia.

Daktari akanishika bega. "Wacha, dada. Utaumiza mtu wa wenyewe."

Nikatupa sindano kwenye kopo lake. Nilimchukia Elsie, nikamchukia mwalimu Ndolo na plastiki yake, lakini zaidi nilijichukia mwenyewe. Shukrani ya punda ni mateke, na punda huyu nilimlisha mimi, kwa damu yangu. Elsie hata hakuniangalia. Alikuwa ameshaanza kuuliza habari za sare.

"Wewe ngoja kidogo, usiende," daktari akaniambia.

Nikafikiri labda nafasi ni mbili, labda amesikia nilivyonong'ona. Akafungua mlango, akaita wasichana watatu waliokuwa wakijifunza kazi pale.

"Kujeni muone mshipa. Huyu dada atawasaidia kupractice kabla aende." Akanigeukia, akatabasamu kwa upole kabisa. "Si ni sawa, madam?"

Nilitaka kumtukana. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Nilipotazama chini, nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti, na mkono wa sweta nimeupandisha mwenyewe.