Bega la Kulia

Kila asubuhi msusi alipanda nyuma ya pikipiki ya mumewe, akaubana mkoba wa vitana katikati yao, kisha akaweka mikono yake miwili juu ya mabega ya mwanamume. Gari likija kutoka kulia, aligonga bega la kulia. Likija kutoka kushoto, la kushoto. Lori aligonga mara mbili. Hawakuwahi kukaa chini wakapanga hivyo. Ilianza yenyewe siku za kujifunza, ikawa ndiyo namna yao ya kwenda saluni kwake, na watu waliowaona walidhani ni mapenzi.

Asubuhi hiyo alikuwa ameshainua mguu apande, Mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda akaingia uani na kizibao cha kung'aa mkononi.

"Shemeji, leo utatembea," alisema. "Hicho kiti kimepata wenyewe. Kuanzia sasa ni cha abiria."

Mume alikuwa akiufuata mdomo wa Mwenyekiti kwa macho. Alipoelewa, alicheka hadi magego yakaonekana, akakivaa kizibao, akajitazama kwenye kioo cha pikipiki. Msusi hakuwa amemwona akicheka hivyo tangu kiwanda cha magunia kipunguze watu. Alitafuta neno, akapata moja tu.

"Uende polepole."

"Nitakwenda kama nimebeba mayai," mume alijibu, wakaondoka.

Miaka yote mume alisimama kati ya mitambo ya kufumia magunia, mahali ambapo watu huzungumza kwa mikono. Pamba za kuziba masikio waliziona siku moja, wageni walipokuja kukagua, na jioni zikakusanywa zirudi stoo. Sikio la kulia lilikufa kabisa. La kushoto lilibaki, ila kwa kuwa lilikuwa peke yake, sauti zote kwake zilitoka kushoto. Honi ikipigwa kulia, alisikia kushoto, akakwepa kwenda kulia, kulekule liliko gari. Nyumbani walisema sikio limechoka. Neno lenyewe halikuwahi kutamkwa. Ulipofika wakati wa kiwanda kulipa mafao, kila aliyeachishwa alikabidhiwa pikipiki badala ya fedha, akapigwa picha akiwa ameishika usukani.

Msusi hakwenda saluni. Alikwenda ofisi ya kazi, akakaa kwenye benchi mpaka jua likaingia mlangoni, ndipo akaitwa. Aliomba pikipiki irudishwe kiwandani, mumewe apewe haki yake kwa njia nyingine. Ofisa alimsikiliza huku akipangusa miwani. Alimwambia kwamba pikipiki ni mtaji, kwamba vijana wengi wanaililia, na kwamba tatizo la watu ni kutoshukuru. Kisha akauliza kama mume alifaulu mtihani wa udereva.

"Alifaulu," msusi alisema.

"Basi ana tatizo gani, mama?"

Siku ya mtihani mkaguzi aliwataka wote wabebe mtu nyuma, aone wanavyomudu uzito. Yeye ndiye aliyejitolea kubebwa. Aligonga mabega kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho, na mkaguzi akampa mume mkono, akasema huyu mzee ana utulivu. Sasa angesema nini? Alisema tu kwamba mumewe hajazoea barabara kubwa. Ofisa akacheka kwa upole, akamshauri amnunulie kofia ngumu iliyo imara, akamwita anayefuata.

Kutoka hapo alikwenda kijiweni. Mumewe alikuwa wa pili kwenye foleni, ameketi juu ya pikipiki yake, ameinyoosha shingo kama mtu anayesubiri kuitwa jukwaani. Msusi alimvuta Mwenyekiti pembeni, akamwomba amshauri mwenzake. Amshauri nini, hakusema. Tena alisema hajazoea.

Mwenyekiti alifurahi kuombwa. Alisimama mbele ya mume, akamwaga ushauri: atazame vioo kila mara, asishindane na magari makubwa, asikubali abiria wawili, na mteja akianza kubishana njiani asigeuke nyuma. Mume alikubali kila neno kwa kichwa. Msusi alikijua kichwa hicho. Ndivyo kilivyokubali nyumbani alipokuwa hajasikia kitu.

"Huyu tumempa jina, shemeji," kijana mmoja mwenye jino la dhahabu alisema. "Bosi. Unamwita mara tatu ndipo anageuka. Maringo hayo."

"Na anapenda malori," mwingine akadakia. "Asubuhi lori limempigia honi hapo kona, badala ya kukwepa akalifuata alikumbatie. Dereva kakanyaga breki mpaka matairi yametoa moshi."

Walicheka wote. Mume naye alipoona wenzake wanacheka, akacheka.

Foleni ikasogea. Mwanamke kijana alikuja haraka, mtoto mgongoni, jua limemchoma usoni, akauliza nani anaweza kumpeleka zahanati ng'ambo ya barabara kuu. Wakamwonyesha Bosi. Mume aliwasha injini, akaanza kufunga kamba ya kofia chini ya kidevu. Mwanamke alimhamishia mtoto kifuani, akashika kiti, akapanda.

"Shuka, mdogo wangu," msusi alisema.

Mwanamke alimtazama bila kuelewa.

"Shuka. Mume wangu hasikii."

Mwenye jino la dhahabu alianza kucheka, akaacha njiani. Mwanamke alishuka taratibu, akamkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili. Mume pekee aliendelea kuhangaika na kamba, injini ikinguruma. Alipohisi pikipiki imekuwa nyepesi aliinua macho, akaona nyuso.

"Amesema nini?" alimwuliza Mwenyekiti.

Mwenyekiti alitazama matairi.

Msusi alizunguka mbele ya taa, akaja upande wa kushoto. Alimvua kofia kama anavyowavua wateja wake vilemba, polepole, asiumize. Kisha akasema sikioni mwake, kwa sauti ambayo kila mtu pale aliisikia.

"Nimesema husikii. Kiwanda kimekumalizia masikio, halafu kikakupa pikipiki ukafe nayo, na mimi nimekusaidia kuipanda. Huwezi kazi hii, mume wangu. Zima injini."