Mkeka wa Abiria wa Mnyuzi

Pale Mwera, kwenye ua wa Bi Zuwena, vitabu havihesabiwi kurasa. Hupimwa kwa ukili, ule mkanda wa mkindu unaosukwa kisha ukashonwa mkeka. Kitabu chembamba cha upelelezi ni pima nne. Cha mapenzi yenye misukosuko hufika kumi. Na kipo kimoja kilichokula pima kumi na saba, kikatoa mkeka mpana uliokwisha kutandikwa kwenye harusi tatu. Baada ya sala ya alasiri wanawake husuka, Semeni husoma, na kivuli cha ukuta kikishafika kwenye mlango wa jiko kila mmoja hukunja ukili wake akaenda kubandika chungu. Mkeka ukishashonwa hupewa jina la kitabu kilichosomwa wakati ukisukwa. Kwa hiyo mgeni akiambiwa, "Kaa hapo juu ya Muuaji wa Pongwe," asishtuke, ni mkeka tu.

Semeni alikuwa mhudumu wa zahanati, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, na katika kusoma alikuwa na mambo yake. Kitabu alikinusa kwanza. Kikinuka vidonge vya mende alikianika siku mbili, kikinuka vumbi alikikumbatia. Hakuwapenda waandishi wanaosimamisha hadithi katikati ili watoe nasaha, kama mwenyekiti wa kijiji aliyepewa kipaza sauti harusini. Alipenda watu wabishi, barua zinazochelewa, na mvua iliyoandikwa vizuri mpaka msomaji akatafuta khanga ajifunike. Hakuazimisha. "Kitabu changu na mswaki wangu ni mamoja," alikuwa akisema, na aliyeomba mara moja hakurudia. Mahali alipoishia aliweka chane, ule ujani mwembamba wa mkindu wa kusukia, kwa sababu kukunja ncha ya ukurasa aliona ni sawa na kumfinya mtoto wa mtu.

Na juu ya yote, hakuchungulia mbele. Hata wenzake aliwasomea kitabu ambacho yeye mwenyewe hajakisoma, ili jambo likipiga liwapige wote kwa pamoja. Utamu wa kujua peke yake aliuona ni uchoyo.

Tabia hiyo ndiyo iliyomponza. Miaka tisa iliyopita Castory, muuza vitabu vya mtumba pale Usagara, Tanga mjini, alimuuzia Abiria wa Mnyuzi, kitabu kikuukuu chenye picha ya treni kwenye jalada. Kilimhusu Tatu, binti wa kambi ya mkonge, ambaye mchumba wake Rashidi aliondoka kwa treni akiahidi kurudi baada ya mavuno, na mavuno yakapita kumi. Tatu alikwenda kituoni Mnyuzi kila treni ilipopita. Wanawake wa Mwera walikwenda naye. Walimtukana Rashidi kwa matusi ambayo hata mwandishi hakuyafikiria. Siku ya pima ya kumi na saba treni ikaingia, Tatu akasimama, mlango wa behewa ukafunguka, na Semeni akafika mwisho wa ukurasa wa mia moja tisini na mbili. Mbele yake palikuwa na jalada la nyuma. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika, zikabaki nyuzi tu.

Aliinua macho. Wanawake saba walikuwa wameinama juu ya ukili, midomo wazi, wakingoja. Basi akayarudisha macho kwenye jalada akaendelea. Alimteremsha Rashidi akiwa na mvi na mguu mmoja mgonjwa. Akamfanya Tatu amtazame kutoka unyayo hadi utosi, kisha amletee kiti cha mkuu wa kituo. Na pale Rashidi alipouliza kama angali anapendwa, Semeni akasikia maneno yakimtoka mwenyewe: Tatu alimpa kiti, hakumpa jibu.

Ua ulilia. Bi Zuwena alijifuta kwa pindo la khanga. Ndani ya mwaka mmoja maneno yale yalikuwa yamezagaa kuanzia Mwera mpaka Pangani mjini. Mdai akija mapema, mpe kiti usimpe jibu. Mshenga akija na posa isiyoeleweka, mpe kiti usimpe jibu. Watu wakiulizwa yametoka wapi walisema kwa fahari, "Yameandikwa kitabuni." Semeni aliyasikia akatabasamu, lakini moyoni aliona haya. Uongo ulikuwa umekwisha kuwa mzee wa kijiji.

Kisha, miaka minne iliyopita, Mwinyijuma, mume wa Bi Zuwena, alirudi. Alikuwa amehamia Moa kwa mwanamke mwingine miaka sita bila hata salamu. Siku aliposimama mlangoni na begi lake, Bi Zuwena hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoa kiti. Mwinyijuma alishinda juu ya kiti kile siku saba, jioni akienda kulala kwa nduguye, na siku ya nane akapewa jibu. Tangu hapo wamekaa vizuri, kwa kadiri watu wawili wakali wanavyoweza kukaa vizuri. Na Bi Zuwena hakuficha. "Tatu ndiye aliyenifunza," husema.

Picha ilifika kwenye simu ya Semeni siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, akiwa anapanga kadi za kliniki. Jalada lenye treni. Chini yake mwalimu Lea alikuwa ameandika: *Dada Semeni, nimekipata! Kizima!*

Lea alikuwa binti wa Kilutheri kutoka Lushoto, mwalimu mgeni ambaye mwezi wa pili sasa alikuwa akija uani kujifunza kusuka, na ukili wake ulikuwa ukipinda kama njia ya kwao milimani. Semeni aliikodolea macho picha ile mpaka mama mmoja akauliza kama kadi yake ina ugonjwa. Kurasa za mwisho. Miaka tisa alikuwa akiziota, na sasa zilikuwa umbali wa mwendo wa dakika kumi. Saa sita na nusu ilipogonga alitoka mbio kama mtu aliyesahau maziwa jikoni.

"Karibu ukae, dada," Lea alisema mlangoni kwake. "Chai?"

"Sikai, mama. Nipe kitabu."

Alisoma akiwa amesimama, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Treni iliingia. Mlango ulifunguka. Rashidi aliteremka, mnene, mzima, akiwa na suti. Na Tatu, aliyemwona kwa mbali, alichukua kikapu chake, akazunguka behewa, akapanda kwa mlango wa pili. Treni iliondoka naye. Rashidi alibaki kituoni akiuliza watu kama kuna aliyemwona.

"Amepanda!" Semeni alipiga ukelele, akaangusha kiatu. "Lea! Amepanda treni! Mshenzi amebaki kituoni na suti yake!"

Alicheka, akasoma tena, akapiga mguu chini kwa furaha. Hakuwahi kuufikiria mwisho ule, na ulikuwa mzuri, mzuri kuliko wake, na hakuona wivu hata chembe. Hivi ndivyo alivyopenda kitabu kimfanyie: kimpige kofi kisha kimbusu.

"Lakini dada," Lea alisema taratibu, "kiti kiko wapi? Mimi nilikitafuta kitabu kwa ajili ya kile kiti. Kila mtu hapa anausema ule msemo. Nimepekua kurasa zote sijauona."

Furaha ilimtoka Semeni kama maji kwenye kata iliyotoboka. Akakaa kizingitini, akamweleza yote.

Lea alikiokota kile kiatu, akampa. "Mimi sitasema neno. Ila kitabu nimekwisha kumwahidi Bibi Zuwena. Leo jioni namletea, na wajukuu zake wanajua kusoma."

Alasiri ile Semeni alienda uani pamoja na Lea, kitabu akiwa amekikumbatia kifuani. Kama wangeacha kumwamini, angesoma na nani? Na hilo lilikuwa dogo. Bi Zuwena alimrudisha mume ndani kwa neno la Tatu, na Tatu hakulisema. Mtu atamwambiaje mwanamke wa miaka sitini na minane kwamba ndoa yake imejengwa juu ya jalada la nyuma?

Wanawake walikuwa wamekwisha kaa. Mwinyijuma mwenyewe alikuwa pembeni akifua nazi. Lea aliamkia, "Shikamoo Bibi," akajibiwa marahaba, akajikunyata kwenye kona ya mkeka.

"Bi Zuwena," Semeni alianza, akakiinua kitabu wote wakione. "Hiki ndicho Abiria wa Mnyuzi kizima. Kile changu kilikuwa kimechanika mwisho. Rashidi wa mguu mgonjwa, kiti, yale maneno, vyote nilivitunga mimi. Hapa mbele yenu, bila haya. Niwieni radhi."

Mikono yote ilisimama. Mwinyijuma aliliacha kumbi la nazi likining'inia kwenye kifuo.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "mimi nilishinda siku saba kwenye kiti cha Semeni?"

Mtu mmoja alicheka, akafuata wa pili, mara ua mzima.

"Nyamaza, Mwinyijuma, hukuulizwa," Bi Zuwena alisema. Yeye hakucheka. Alimgeukia Semeni. "Mimi nilijua."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Hukufunua ukurasa."

Semeni hakuelewa.

"Sisi macho yetu yako kwenye chane, mwanangu, masikio yako kwako. Ukifunua ukurasa ndipo tunapounga chane mpya. Ndivyo tulivyozoea. Siku ile nikangoja ufunue, wapi! Unasema tu. Nami sikutaka kukukatiza. Mpaka chane zikaniishia, ukili ukanikondea mkononi." Akaashiria ndani kwa kidevu. "Nenda kautazame mkeka."

Ulitolewa, ukatandikwa. Semeni alikuwa ameukalia mara zisizo na idadi. Akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye ukili wa mwisho, pembeni kabisa, na hapo akauona: ulikuwa mpana sawasawa, kisha ukaanza kupungua, ukapungua, mpaka ukaishia mwembamba kama mkia wa panya. Mshono ulikuwa umeuvutia ndani kwa ustadi ili usionekane.

"Mbona hukusema?" aliuliza, na machozi yalikuwa yamemlenga.

"Niseme nini? Nilitaka kujua mwenzangu Tatu atafanyaje." Bi Zuwena alichovya vidole kwenye bakuli la maji, akalainisha chane. "Huyo aliyeandika kitabu mimi simjui, wala hanijui. Wewe nakujua. Mume alipokuja kusimama pale mlangoni, nililikumbuka neno la mtu ninayemjua. Ningelitaka la kitabu, ningekwenda kukitafuta kitabu."

Semeni alijifuta uso kwa mkono wa gauni, akacheka na kulia kwa mkupuo mmoja. Alijiona mwepesi, na mwenye njaa, na mwenye hamu ya kusoma kitu chochote kilichokuwa karibu.

"Sasa huyo Rashidi wa kweli," Mwinyijuma aliuliza, na sauti yake haikuwa na mzaha tena, "naye alipewa kiti?"

Lea aliinamisha uso. Bi Zuwena alimtupia mumewe jicho, kisha akamtupia Semeni.

"Tusomee," alisema. "Tusikie."

Mwinyijuma alikivuta kiti chake karibu. Semeni alikinusa kitabu, akatafuta ukurasa wa mia moja tisini na mbili, akaanza. Treni ilikuwa mbali bado, watu wa Mnyuzi walikuwa wakisogea kwenye reli, na Tatu alikuwa akifunga kikapu chake. Vidole vilikimbia juu ya ukili. Akafika mstari wa mwisho wa ukurasa, akanyamaza kuvuta pumzi, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akasikia jinsi ua ulivyonyamaza naye. Mikono yote ilikuwa imetulia, kila mmoja ameshika chane mpya kati ya vidole viwili, akingoja.

Akafunua.