Ng'ombe Kumi na Wawili wa Shahada

Saa moja kasorobo asubuhi Maduhu alikuwa akipiga pasi shati lake la kazini aliposikia ng'ombe wakicheua nje ya dirisha. Alikuwa amepanga chumba cha uani kwa Bwana Fazal na mkewe Khatija, pale Ibadakuli, na jana yake uani hapakuwa na hata mbuzi. Alifungua mlango akawakuta kumi na wawili wamelala kuzunguka pipa la maji. Aliwatambua wote. Ni wale waliotolewa mahari ya mdogo wake Limi mwaka 1993, wakauzwa mnadani ili yeye akasome uchumi chuo kikuu, kisha wakachinjwa na kuliwa.

Ilikuwa Oktoba 1997. Siku iliyotangulia alikuwa amepokea mshahara wake wa kwanza kwenye shirika moja la pamba, shilingi elfu hamsini na nane.

Khatija alitoka na ufagio, akawahesabu.

"Maduhu, tulikubaliana chumba cha mtu mmoja."

"Shikamoo mama. Hawa ni wa nyumbani."

"Marahaba. Basi nipe lita mbili kila siku, na samadi niachie, nina mchicha wangu."

Walikuwa ng'ombe wenye adabu. Walimsindikiza hadi kwenye geti la ofisi, wakamngoja, jioni wakarudi naye. Mhasibu alilalamika mara moja tu, walipotafuna sampuli za pamba.

Wiki ya pili Limi alishuka kwenye basi kutoka Masumbwe. Huko ndiko alikoolewa na Ignas, muuza sururu na makarai ya wachimba dhahabu. Ignas hakuwa mtu mbaya, ila Limi hakumchagua. Mwaka ule wa mahari yeye mwenyewe alikuwa amechaguliwa kwenda chuo cha ualimu, na barua bado anayo, imekunjwa ndani ya kanga.

"Kaka, nimeongea na Ignas," alisema. "Mahari ikirudi, ananiacha nikasome."

Waliwaswaga ng'ombe hadi Masumbwe. Ng'ombe walilala huko usiku mmoja. Kesho yake alfajiri walikuwa tena kwenye pipa la Khatija. Ignas alituma ujumbe wa heshima kabisa: ng'ombe walioliwa hawezi kuwapokea, wazee watamcheka. Anataka wazima.

Maduhu alichukua penseli na karatasi mbili, maana alikuwa msomi. Kodi, chakula, soli za viatu. Kila mwezi zinabaki elfu sita. Ng'ombe mzima ni elfu sitini.

"Miaka kumi," alisema.

Limi, aliyekuwa amerudi naye, alikuwa amechuchumaa anakamua. Hakuinua kichwa. "Wanaokamuliwa ni saba, lita kumi na nne. Mbili za Mama Khatija. Kumi na mbili zilizobaki, kwa mia mbili mia mbili. Miezi kumi."

Maduhu aliihakiki kwenye karatasi ya pili. Ilikuwa sahihi, na maziwa yalikuwa yanamzidi mshahara kwa elfu kumi na nne. Alicheka mpaka machozi, na Limi naye akacheka, maana kwa mara ya kwanza tangu aolewe alikuwa na tarehe ya kuingojea.

Mvua za mwaka ule hazikukatika. Maduhu alijifunza kukamua akiwa amevaa tai. Bwana Fazal aliuza maziwa dukani kwake, na wateja walisema ni matamu kuliko ya ng'ombe wazima.

Agosti kopo la mafuta ya Kimbo, walimoweka pesa za maziwa, lilijaa laki saba na elfu ishirini. Limi alikuja kutoka Masumbwe na begi na barua yake. Asubuhi hiyo hiyo akafika baba yao, Mzee Luka, amevaa koti la sherehe. Aliwasalimu ng'ombe kwanza, mmoja mmoja, "Mwangaluka," kisha akatoa habari. Donatus, mdogo wao, amepata chuo kikuu. Anakwenda kusoma uchumi.

"Kopo hilo litatosha mwaka wa kwanza," alisema kwa furaha. "Miaka iliyobaki, mdogo wenu Mageni ameposwa. Ng'ombe kumi na watano!"

"Baba, pesa hizi ni za Limi," Maduhu alisema.

"Limi ana shida gani? Si ana kwake?"

Maduhu aliona aibu, ikampanda mpaka masikioni. Lakini angesemaje kwamba uchumi haulipi, na uani wamelala ng'ombe kumi na wawili walioilipia shahada yake? Alimpa kopo. Mzee alihesabu, akamshika bega. "Umeona faida ya elimu?"

Limi alitundika begi kwenye msumari. Alijifunga kanga akachuchumaa kukamua, kwa kuwa viwele vilikuwa vimejaa na ng'ombe hawakuwa na kosa.

"Donatus akianza kazi, wa Mageni nao wakaja, watakuwa ishirini na saba," alisema. "Kaka, utafute ndoo nyingine."

Khatija alikwisha kumwita Bwana Fazal aje na nyundo, uzio usogezwe.