Fimbo Sita na Kalamu ya Wifi

Mimi sipendi kuangaliwa ninapopika, hasa na wifi. Lakini mgongo wangu ulipozikataa sufuria za hotelini baada ya miaka ishirini na miwili, na chuo cha ufundi kikanipa chumba nifundishe mapishi kwa Jumamosi moja ya majaribio, wifi ndiye peke yake aliyesema, "Nitakuja kukusaidia." Wengine wote walisema, "Mungu akutangulie," ambayo ni njia ya heshima ya kubaki nyumbani.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini katika wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati na kulazwa kwenye visanduku vya kioo vyenye joto. Amestaafu, lakini ukoo mzima bado unamwita Sista. Akija kwako anapitisha kidole juu ya kabati. Anakitazama tu kidole, halafu anakutazama wewe.

Somo langu lilikuwa kupika ndani ya maji. Nyama unaitia kwenye mfuko wa plastiki, unaunyonya hewa, unauzamisha kwenye beseni la maji yenye joto moja lisilopanda wala kushuka. Kazi ya kulishika joto hilo ni ya mashine ndefu ya chuma unayoibana kwenye ukingo wa beseni. Inapasha maji na kuyazungusha. Wanafunzi waliziona tu wakaziita fimbo, na fimbo zikawa. Nilikuwa nazo sita: tano kwenye meza za wanafunzi, kila meza na kuku wake, na moja kwenye meza yangu mbele. Zote sita naziamrisha kwa simu nikiwa nimesimama. Kwa mtu mwenye mgongo kama wangu, hiyo ni rehema.

Mkuu wa chuo alikuwa amenieleza waziwazi. Angekaa nyuma, angekula mwishoni, na akiridhika chumba ningepewa mwaka mzima. Asiporidhika, kinarudi kuwa stoo ya viti vibovu. Hakukuwa na hoteli ambayo ingenichukua tena, na nilikuwa nimeshachoka kukaa nyumbani nikipanga upya vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Saa tatu kamili kuku walizama, digrii sitini na nne, saa moja na nusu. Nikamwomba wifi akae karibu na sinki. Hakukaa. Alitoa kipimajoto kwenye mkoba, akatoa na kalamu, akabandika karatasi kwenye kila meza ya wanafunzi. Kila baada ya robo saa anazunguka, anachovya, anaandika saa na joto.

"Wifi," nikamwambia kwa sauti ya chini, "hiyo kazi simu inaifanya."

"Simu ifanye yake," akasema. "Mimi nafanya yangu."

"Watu watadhani mashine zangu mbovu."

"Kwani wewe unajuaje si mbovu?"

Nikaachia hapo. Mkuu alikuwa anatutazama.

Na darasa lilikuwa limenoga, nisikufuru. Dereva mmoja mstaafu aliuliza kama anaweza kuzamisha kuku pamoja na shati ili amalize kazi zote mara moja. Msichana mjamzito wa miezi saba, mwanafunzi wa meza ya tatu, alikuwa anacheka hadi anashika tumbo. Nilijisikia nimerudi kazini. Saa tatu na dakika hamsini nikatangaza kwamba sasa nitawaonyesha samaki, naye hataki joto la kuku, anataka hamsini tu. Nikamwaga barafu kwenye beseni langu, nikaichukua simu, nikaandika hamsini. Simu ikaniuliza swali. Miwani ilikuwa juu ya kichwa changu na maneno yalikuwa madogo. Nikabonyeza ndiyo kama mtu anayefukuza nzi.

Ilipofika saa nne, wifi akapita nyuma yangu. "Meza ya kwanza sitini na mbili. Ya pili sitini na mbili. Na zile nyingine vilevile."

"Kipimajoto chako kimezeeka."

"Kimezeeka, ndiyo. Lakini robo saa iliyopita kilisema sitini na nne."

"Wifi, tafadhali. Nafundisha."

Nilisema hivyo mbele ya darasa zima. Alinitazama kidogo, akaenda zake meza ya nne. Nami nikaendelea na samaki wangu, najisikia bingwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilikuwa limeshaanza kuteguka.

Saa nne na robo alizibandua karatasi zote tano, akaja, akazipanga mbele yangu moja baada ya nyingine juu ya meza. Mstari wa mwisho wa kila moja ulisomeka hamsini na tisa.

Nikashusha miwani. Nikatazama simu. Asubuhi, ili zianze kwa pamoja, nilikuwa nimezifunga fimbo zote sita katika kundi moja, na sikuwa nimelivunja. Lile swali dogo lilikuwa linauliza: zote? Nami nikajibu ndiyo. Hotelini kwetu mpishi mkuu akisema neno, amewaambia wote, hakuna anayeuliza mara mbili. Basi fimbo zangu zilinitii. Kwa dakika ishirini na tano zilikuwa zimekaa kimya, zinasubiri maji ya kuku yapoe hadi hamsini, na feni juu ya vichwa vyetu inayasaidia.

Kuku si samaki. Kuku aliyelala kwenye maji vuguvugu, usijue amelala muda gani, humlishi mtu, achilia mbali mwanamke mwenye mimba ya miezi saba. Nikarudisha sitini na nne haraka, nikahakikisha imepokelewa kwenye kila fimbo ya kuku. Halafu nikasimama pale. Hakuna aliyejua ila mimi na wifi. Wangekula, wangesifu, ningepewa chumba. Sitasema uongo, nililifikiria hilo. Nililifikiria kwa muda wa kutosha kuona haya hadi leo.

"Wifi," nikanong'ona, "nifanyeje?"

Nilimtarajia aniseme. Ana haki, na kipaji pia. Lakini alisogea karibu, akaweka kidole juu ya karatasi, sauti yake ya wodini kabisa.

"Soma. Saa tatu na dakika arobaini na tano, sitini na nne. Saa nne, sitini na mbili. Sasa hivi, hamsini na tisa. Unajua yameshuka lini, unajua yamefika wapi. Wewe ndiye mpishi. Kuku huyu anapona au hapo ndipo mwisho wake?"

Nikapiga hesabu. Nusu saa haikufika, na maji hayakuwa yameshuka mpaka kwenye joto la hatari. Yakirudi sitini na nne, nikaanza kuhesabu saa moja na nusu upya, kuku ni salama. Bila zile karatasi nisingejua chochote. Simu ilikuwa inaonyesha joto la sasa tu, ya nyuma haina habari nayo. Ningelazimika kuwatupa kuku wote, meza tano, mbele ya Mkuu.

"Anapona," nikasema. "Lakini chakula kitachelewa zaidi ya saa moja. Itabidi niwape sababu."

"Wape iliyo ya kweli," akasema. "Kule wodini kwetu muuguzi mmoja aliwahi kuandika joto ambalo hakulipima. Mtoto ndiye aliyelipa." Akaziweka karatasi sawa ingawa zilikuwa sawa. "Sema, wifi. Mimi nipo hapa."

Nikageuka. Maji yamenifika shingoni, na mabeseni yote sita yananitazama. Nikawaambia. Nilisema nimekosea, nikaeleza nimekosea vipi, na miwani ilikuwa wapi. Nikamwambia Mkuu chakula kitakuwa tayari saa sita kasoro, na kama ana shughuli nyingine nitaelewa. Halafu nikanyoosha mkono kuelekea kwa wifi. Nikasema kama leo hakuna mtu atakayeumwa hapa, ni kwa sababu ya huyu mama ambaye asubuhi yote nilikuwa namwambia akakae kwenye sinki.

Hapo yule dereva mstaafu akasema, "Mwalimu, mimi niliwahi kuendesha basi kilomita tisini kwenye barabara ambayo siyo, na abiria wamelala. Wewe umegundua mapema."

Wakacheka, nikacheka, na machozi yakapata pa kupitia. Msichana wa meza ya tatu akamwomba wifi amwonyeshe namna ya kupima. Kufikia saa tano kila meza ilikuwa na mtu wake wa kuchovya na kuandika, na nimefundisha mambo mengi maishani, lakini sijawahi kuona watu wakikodolea maji macho kwa upendo kiasi kile.

Mkuu hakuondoka. Saa sita kasoro tulikata kuku, mweupe, laini, maji yake yote ndani. Alikula kipande, akakaa, akaongeza kingine. Akasimama na kuzisoma karatasi za meza zote tano, taratibu, kama mtu anayekagua mkataba. Halafu akatugeukia sote wawili.

"Chumba ni chenu," akasema. "Mwaka mzima. Ila mama huyu na kalamu yake wawepo kila Jumamosi."

Nilingoja atoke mlangoni. Wifi alikuwa tayari kwenye sinki, mikono ndani ya povu, amenipa mgongo. Tumekuwa mawifi miaka kumi na saba. Tumegombana kwa ajili ya mapazia, harusi, chumvi na jina la mtoto. Katika miaka yote hiyo nilikuwa namshukuru kwa midomo tu, kwa zawadi, kwa sahani za sikukuu, kama mtu anayelipa deni aachwe kwa amani. Nikaenda nikasimama ubavuni mwake.

"Asante, wifi," nikasema. "Umeniokoa. Nisingeweza bila wewe."

Akaendelea kusugua beseni. Nikaona shavu lake linatetemeka kidogo.

"Rudia," akasema. "Maji yalikuwa yanapiga kelele, sijasikia."

Bomba lilikuwa limefungwa. Nikarudia.