Simu Zenu Hazina Ubovu

Sikuzani alikuwa wa kwanza barazani asubuhi ile, kama alivyokuwa wa kwanza jana yake na juzi yake. Alikaa chini na mgongo ukutani, pale ambapo rangi ya zambarau ya kampuni ya simu ilikuwa bado mbichi, akafungua pindo la kanga na kutoa simu. Aliishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota kifaranga na hajui kama kingali hai.

"Shikamoo, mama," Ziada alisema huku akifungua komeo la duka.

"Marahaba, mwanangu. Hebu itazame. Mpaka leo haijasema kitu."

Ziada aliipokea. Nyuma ya Sikuzani watu walizidi kuja, wengine wakitokea moja kwa moja mashambani, miguu imelowa umande, kila mmoja na simu yake ya tachi mkononi. Walipanga mstari wenyewe, kama kwenye bomba la maji.

Aliizima simu, akaiwasha. Akaiweka katika hali ya ndege, akaitoa. Akafungua mgongo wake, akachomoa laini, akaifuta kwa ncha ya fulana ya kazi, akairudisha mahali pake. Kisha akaingia kwenye mipangilio, akaandika upya yale maneno ya intaneti aliyofundishwa Masasi, herufi ndogo tupu, bila kuacha nafasi. Juu ya kioo, pale panapotakiwa kusimama vijiti vya mtandao, palikuwa na msalaba mdogo. Ulibaki pale pale.

"Inatafuta," alisema.

"Inatafuta nini siku zote hizi?" Sikuzani aliuliza, bila ukali. "Maua yameshafunguka, Ziada. Jana nimeona unga."

Wote waliosikia neno hilo waligeuza nyuso. Unga ndio ule ubwiriunga, ugonjwa mweupe unaoyafunika maua ya mikorosho mpaka yakauke na kupukutika kabla hayajashika korosho. Dawa yake ni salfa, na salfa hupulizwa maua yanapofunguka, si baada ya hapo. Mwaka ule salfa ya ruzuku ilikuwa ndani ya simu.

Ndivyo walivyotangaziwa, msikitini na kanisani. Mkulima ajisajili kwa laini ya Upeo, mtandao mpya. Awe na simu ya tachi, maana programu ya wakulima haiingii kwenye kitochi cha vitufe. Msimu ukifika atatumiwa namba. Namba hiyo ataipeleka ghalani, apewe mifuko yake. Namba ina muda wake. Ukipita, imekufa.

Upeo ulikuja Lihombe na muziki. Tangu biashara ya simu ilipofunguliwa kwa kila mwenye mtaji, kampuni zilikuwa zikipokezana kuta za kijiji, hii ikipaka rangi yake juu ya rangi ya ile, lakini hakuna iliyowahi kusimamisha mnara huku juu uwandani. Upeo waliusimamisha. Siku ya uzinduzi watu waliongea na ndugu zao wa Mtwara na Dar wakionana nyuso, wanawake wakapiga vigelegele, na watu waliokuwa wameuza mbuzi wanunue simu walionekana werevu. Ziada, mwenye kidato cha nne na kiduka cha sabuni na chumvi, alichaguliwa kuwa msaidizi wa wateja. Alipelekwa Masasi, kwenye ukumbi mmoja wa Mkomaindo, akafundishwa pamoja na wenzake. Mwalimu wao alirudia jambo moja mpaka likawakaa kichwani: mteja akilalamika, anza na simu yake, umalizie na simu yake.

Baada ya uzinduzi mtandao uliishi siku chache, kisha ukaanza kukatika, kisha ukawa msalaba.

Mzee Silvesta alipofikiwa na zamu hakutoa simu. Aliegemea meza ya duka, akauliza kwa upole, karibu kwa kunong'ona, "Ziada, ujumbe wetu unaufungia wapi?"

"Babu, mimi siufungii. Mimi sina uwezo wa..."

"Mpwa wangu anayebeba mizigo ghalani anasema salfa ipo. Imepangwa mpaka darini. Wao wameshatuma namba, wanasema. Sasa kati yao na sisi kuna nani? Kuna wewe."

Hakuna aliyemkemea mzee. Ziada aliangalia mstari mzima akaona kwamba hilo walikuwa wamelizungumza tayari, mahali ambapo yeye hakuwepo.

Mchana alifunga duka akaenda mpaka ukingo wa uwanda, pale njia inapoanza kuteremka na milima ya Masasi inaonekana chini kwa mbali. Hapo kitochi chake cha laini ya zamani kilishika mtandao kidogo. Alimpigia meneja, Abdulkadiri.

"Bosi, watu wangu hawana mtandao kabisa. Namba za salfa haziwafikii, na maua yameanza kuingia unga. Naomba mafundi waje waangalie mnara."

"Umewaambia wazime na kuwasha?"

"Kila siku, bosi."

"Simu zao ni za wapi? Hizo za magendo zinasumbua kote nchini."

"Bosi, ni zile mlizouza nyie siku ya uzinduzi."

Sauti ya upande wa pili ililainika. "Sikiliza, dada Ziada. Mnara wa Lihombe kwenye kompyuta hapa unasomeka mzima. Umenielewa? Mzima. Sasa wewe ukitamka neno mnara mbele ya wateja, unaichafua kampuni, na kampuni imeaminiwa kazi ya serikali. Sema simu. Kazi unaitaka?"

"Naitaka, bosi."

"Basi sema simu."

Alirudi akipita njia ya mnara. Hakuwahi kuusogelea tangu uzinduzi. Jafari, mlinzi, alikuwa amekaa ndani ya uzio akisuka mkeka, na kimya cha pale kilimtisha Ziada kabla hajajua kwa nini. Siku ya uzinduzi jenereta lilinguruma mpaka watu wakaongea kwa kupiga kelele. Sasa kuku walikuwa wanaparua chini yake.

"Kaka Jafari, mashine imeharibika?"

"Nzima." Hakuinua macho. "Haina mafuta."

"Tangu lini?"

"Yanakuja wakija wakubwa. Siku hiyo linawaka, linapigwa picha, wakiondoka nazima. Mafuta ya kila siku yameandikwa huko kwao, huku sijayaona. Mimi nimeuliza mara moja. Nikaambiwa walinzi wako wengi." Aliukaza uzi wa ukindu kwa meno, akaukata. "Mama Furaha," alisema, akimwita kwa jina la bintiye, "mimi hujaniona. Nina watoto kama wewe."

Siku iliyofuata mstari ulikuja tena, na Ziada alizima simu na kuwasha, akachomoa laini na kufuta. Alisema simu. Alimwambia Sikuzani, mdogo wa mama yake, aliyemlea tangu angali hajaota meno ya pili, kwamba huenda aliishika simu kwa mikono yenye maji. Sikuzani aliitazama mikono yake. "Labda," alisema, na tangu hapo akawa anaifunga simu kwa vitambaa viwili.

Jioni hiyo Ziada alimsindikiza shambani. Kwa kawaida majira hayo shamba lote hunukia, na nyuki husikika kabla hujaingia. Sasa harufu ilikuwa ya vumbi. Maua yaliyotakiwa kuwa na wekundu wa mbali yalikuwa meupe, yamekunjamana. Sikuzani alivuta tawi chini akapitisha kidole, na unga ukabaki kidoleni. Hakulia. Alikwenda kutoka mti hadi mti akigusa, akiita kila mmoja kwa jina la mtu aliyeupanda: huu wa marehemu mume wangu, huu wa mama yako, huu wako, tuliupanda siku ulipozaliwa.

"Hii ndiyo inayonilisha," alisema. "Mtoto wa kiume sina, pensheni sina. Nina hii. Kesho nikuletee simu tena?"

Ziada alimfuta unga kidoleni kwa pindo la fulana yake.

Kesho yake, alfajiri, Lihombe iliamshwa na mngurumo.

Ziada aliusikia akiwa bado kitandani na bintiye, akajua ni nini. Mbao za matangazo zilikuwa zimesema tangu juzi: mkutano wa hadhara, wageni kutoka Masasi. Alivaa harakaharaka, akamwacha Furaha kwa jirani, akakimbilia uwanja wa ofisi ya kijiji. Magari ya kampuni yalikuwa yameshafika, na nyuma yao gari la polisi lililo wazi nyuma. Mbele ya ghala vijana wa kazi walikuwa wanapakia mifuko ya salfa.

"Wanaipeleka wapi?" alimuuliza Mwenyekiti wa kijiji, Alfredi.

"Haikuchukuliwa na wenyewe," Mwenyekiti alisema, akiangalia pembeni. "Muda umepita. Inarudishwa mjini, itauzwa dukani kwa anayetaka."

Watu walikuwa wameshajaa. Abdulkadiri alisimama kwenye ngazi ya ofisi na kipaza sauti, kijana nadhifu mwenye tabasamu, akawasalimia kwa Kimakonde chenye makosa, wakacheka. Alisema Upeo umewaletea maendeleo. Alisema amesikia manung'uniko. Aliuliza kama kuna mwenye swali.

Ziada alijikuta amesimama. Fulana yake ya zambarau ilimfanya aonekane na kila mtu.

"Mimi ndiye niliyewaambia simu zenu mbovu," alisema. Hakuwaangalia wageni, aliwaangalia watu wake. "Niliwadanganya. Simu zenu hazina ubovu. Mnara unazimwa. Hauna mafuta, unawashwa wakija wao tu, kama leo. Namba zenu hazikufika kwa sababu hiyo, na mnaona salfa yenu inapakiwa. Msikubali yale magari yaondoke."

Minong'ono ilipita uwanjani. Vijana wa kazi waliacha kupakia. Kwa muda mfupi Ziada aliona nyuso zikigeukia ghalani, Mzee Silvesta akiinuka kwa fimbo yake, na akadhani wamemsikia.

Abdulkadiri hakukasirika. Aliinua mkono. "Wazazi wangu. Dada yenu anasema mnara umekufa. Tusibishane. Kila mwenye simu ya Upeo aitoe, aitazame. Leo, sasa hivi. Kuna mtandao, hakuna mtandao?"

Walizitoa kwenye mapindo, mifukoni, kwenye vikapu. Mnara, ambao huchukua muda kuamka baada ya jenereta kuwaka, ulikuwa umeamka: vijiti vilikuwa vimesimama vyote. Na kabla mtu hajasema kitu, simu moja ililia, ikafuata nyingine, kisha zote zikaanza pamoja, uwanja mzima ukajaa mlio ule mmoja mdogo wa ujumbe kuingia. Watu walipiga kelele za furaha. Wanawake walikumbatiana. Sikuzani alifungua vitambaa vyake viwili, akamkabidhi simu msichana aliyekaa karibu amsomee.

Msichana alisoma. Akasoma tena, polepole. "Ndugu mkulima, namba yako ya salfa ni hii... Tafadhali fika ghalani kabla ya..." Alisogeza kioo karibu na macho. "Bibi, tarehe yake imepita. Hizi zote zimepita."

"Mmeona," sauti ya kipaza sauti ilisema. "Ujumbe mlitumiwa, kila mmoja wenu. Uko mikononi mwenu. Kama hamkuonyeshwa jinsi ya kuusoma, muulizeni aliyewekwa hapa kuwaonyesha. Na leo, badala ya kuomba radhi, anawachochea mpore mali."

Ziada aliita. Aliwaambia watazame saa ujumbe ulipoingia, wasikilize lile jenereta, wamuulize mlinzi. Jafari alikuwa amesimama mwisho wa umati na sare yake ya kampuni. Waligeuka kumtazama. Jafari alisema, "Mimi kazi yangu lango."

Mzee Silvesta alimfikia Ziada wa kwanza. Hakumpiga. Alishika fulana yake kifuani, akaivuta mpaka mshono wa bega ukaachia, akamwambia kwa ule upole wake, "Ulizikalia riziki zetu, mwanangu. Kwa nini?"

Askari walimtoa mikononi mwa watu kama wanaomwokoa. Kwenye gari tu ndipo mmoja alipomfunga pingu, akamwambia kosa ni kusambaza taarifa za uongo na kuchochea wananchi.

"Mtoto wangu yuko kwa jirani," Ziada alisema.

"Utaeleza kituoni."

Magari ya kampuni yalikuwa yamejaa, kwa hiyo mifuko iliyobaki ilitupiwa nyuma ya gari la polisi. Askari wakakaa juu ya mifuko hiyo, na Ziada katikati yao. Gari lilipoondoka lilienda taratibu, likisukuma watu kwa honi. Hakuna aliyelirushia jiwe. Wengi walikuwa bado wameinamia vioo vya simu, wakibonyeza, wakirudi nyuma, wakibonyeza tena.

Mfuko mmoja ulikuwa umechanika pembeni, na kwenye shimo la kwanza la barabara salfa ilianza kumwagika, mstari mwembamba wa njano juu ya mchanga. Mwanamke mmoja aliona. Akakimbia, akapiga magoti, akaanza kuikusanya kwa mikono. Wakaja wengine, wakitandika kanga, wakigombea sehemu, watoto wakizoa kwa visahani. Ziada alinyoosha mguu. Alitia kisigino kwenye tundu la mfuko, akasukuma, akalitanua, na salfa ikatoka kwa wingi, nyingine ikipeperuka na upepo kabla haijagusa chini.

Akamwona Sikuzani. Alikuwa amechelewa kwa sababu ya magoti yake, akafika pale wengine walipokwisha kuzoa, akainama akiparua kilichobaki na mchanga wake.

"Mama!" Ziada aliita. "Mama Sikuzani!"

Askari alitazama chini, akaona. Aliinua buti, akaliweka juu ya kisigino cha Ziada, akakandamiza mpaka tundu likaziba, kisha akagonga paa la gari dereva aongeze mwendo. Pale barabarani Sikuzani alikuwa ameinua viganja usawa wa uso, akipuliza taratibu, akijaribu kutenganisha njano na mchanga, na njano ndiyo iliyokuwa nyepesi, ikawa ndiyo inayoruka.