Mlafi wa Chupani

Taaka hali mpaka Mlafi ale. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba, na aliyeitunga alikuwa Taaka mwenyewe, mtoto wa miaka sita, shingo nyembamba kama bua la mtama.

Mlafi alikuwa mmea. Ungeweza kumfunika kwa kikombe cha chai. Aliishi ndani ya chupa pana ya peremende iliyoombwa dukani, juu ya tope jeusi lililochanganywa na mchanga, na majani yake mekundu yalikuwa na vinywele, kila kinywele na tone lake kichwani. Mdudu akitua, kanata. Kisha jani linajikunja polepole, kama kiganja cha mtoto mchanga kinaposhika kidole cha mama. Annet, mama yake Taaka, alimchimbua kwenye kinamasi cha kwao Iyolwa kwa sababu mwalimu Okiror, aliyemfundisha katika masomo ya jioni ya watu wazima, alitaka kila mwanafunzi alete kiumbe hai cha kushangaza. Darasa likashangaa, likasahau. Taaka hakusahau.

Maana sikoseli, ugonjwa wake wa damu, ilikuwa imemlaza tena wodini, na aliporudi katika chumba chao cha kupanga mjini Busia, upande wa Uganda, alikuwa ameachana na chakula. Uji aliutema. Yai aliligeuzia uso ukutani. Baba yake alikuwa njiani na malori ya Juba, akipiga simu kuuliza mtoto anakula, na Annet akijibu anakula, kisha anakata simu na kulia. Siku moja, kwa kukosa la kufanya, alimdondoshea Mlafi mbu.

"Umeona mwenzako? Hana hata mdomo, na anakula."

Taaka alimtazama Mlafi hadi jani lilipojikunja. Kisha akafungua mdomo. Kijiko kimoja. Kesho yake viwili. Tangu hapo kila asubuhi Annet aliwinda sisimizi na usubi kabla hajawasha jiko.

Shida ilikuwa maji. Mwalimu alimwonya: ya pampu yana chumvichumvi ya mawe, mpe ya mvua tu. Annet hakuamini, akampa ya pampu, na upande mmoja wa Mlafi ukaungua mweusi kama karatasi iliyopitiwa na moto. Ndipo akakinga mvua za mwisho katika jerikani moja ya njano, akaisukuma chini ya kitanda.

Mvua ikakata. Ikaja miezi ya jua, ikapita, na ile iliyotakiwa kuleta mawingu ikaleta vumbi. Huko mashambani Dabani watu walipanda kwenye udongo mkavu, kware wakafukua mbegu. Kwenye pampu ya mtaani foleni ya mitungi ilianza alfajiri, na wanawake walitukanana hadi mama zao waliokwisha kuzikwa.

Siku hizo ndipo Dorcas, jirani wa mlango wa pili, alipoingia adhuhuri kuazima kikaango. Alimkuta Annet amepiga magoti, akimimina maji ya chini ya kitanda ndani ya chupa. Kioo kilikuwa kinatoa jasho. Majani yalimetameta matone tele, na nje jua linapasua kichwa. Dorcas aliondoka bila kikaango.

Kabla ya jioni kufika, ua ulijaa. Mbele alisimama Damalie, mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyekuwa na hoteli ya chakula pale pale kwenye lango la ploti yake ya vyumba vya kupanga.

"Mama Taaka, hiyo maji iko chini ya kitanda, ulitoa wapi?"

"Ni ya mvua, mama."

"Mvua gani? Mimi mvua nasikia tu kwa redio."

Wengine wakacheka, ila kicheko hakikufika mbali.

"Ya mwaka jana, mama. Nilikinga."

"Unakinga, unaficha, halafu chupa inatoa jasho mchana. Mwanangu, kwetu Dabani mtu akifunga mvua isinyeshe anafunga kwa chungu. Wewe wa siku hizi umefunga kwa chupa ya switi?"

"Ni mmea wa mtoto. Unamsaidia kula."

"Na wenyewe unakula nyama," Dorcas akasema. "Mwambie yote, shoga. Mmea wa kula nyama."

Damalie alimnyamazisha kwa mkono. Akasogea, akapunguza sauti.

"Mimi sisemi umefunga. Mimi nasema watu wanasema. Na watu wakisema sana, nyumba inachomwa, na nyumba ni yangu. Kwetu kuna njia. Mwenye maji anakunywa mbele ya wote, inayobaki inarudishiwa ardhi. Kama ulifunga, tumbo lako itajua. Kama hukufunga, hakuna mtu atakugusa tena. Ama ubebe godoro leo."

Annet aligeuka nyuma. Taaka alikuwa mlangoni, amejifunga blanketi na joto lote lile, chupa ameikumbatia kifuani. Baridi ya usiku mmoja tu nje ingetosha kuyaamsha maumivu ya mifupa. Mama gani angebeba godoro?

Akatoa jerikani. Akanywa kikombe, maji ya uvuguvugu yenye ladha ya plastiki, na wote wakitazama koo lake linavyopanda na kushuka. Yaliyobaki aliyamwaga kwa mkono wake mwenyewe. Ardhi iliyameza kabla povu halijapasuka.

"Basi imekwisha," Damalie akasema. "Chupa abaki nayo mtoto."

Wanawake wakarudi kwenye majiko yao. Nyuma yake Taaka akauliza, "Sasa Mlafi atakunywa nini?"

Annet alitafuta. Alivuka mpaka hadi kanisa moja la upande wa Kenya lenye tangi kubwa, akaambiwa tangi lilijazwa na lori la maji ya kisima. Alimpigia mwalimu, simu haikupokelewa. Matone kwenye vinywele yakakauka, majani yakalala, moja baada ya jingine. Sisimizi walipita juu yake wakaenda zao.

Na Taaka akafunga mdomo.

Siku ya tatu ya kumbembeleza, Annet alifanya jambo ambalo hata leo akilikumbuka uso unamwaka. Alichovya mguu wa nzi kwenye uji mzito, akambandika nzi huyo kwenye jani.

"Ona, mama. Mlafi amekula."

Taaka alisogeza uso kwenye kioo. Alikaa hapo muda mrefu.

"Hajakunja," alisema. "Hiyo si kula. Umembandika."

Akajilaza, akageukia ukuta.

Annet alirudi jikoni kufanya yale ambayo mikono huyafanya yenyewe. Maji ya uji yalikuwa yamechemka. Alishika mfuniko, na tone la moto likamdondokea kwenye kifundo cha mkono. Alitaka kuulaani mfuniko. Badala yake akaugeuza, akautazama. Chini yake matone yalikuwa yamejipanga tele, meupe, mfano wa majani ya Mlafi siku zake za neema. Chumvi haipandi na mvuke. Hilo aliliandika mwenyewe darasani, akisinzia.

Aliinamisha mfuniko juu ya kikombe. Kijiko kimoja, hakikujaa. Akachemsha tena, hadi makaa yakamwishia na kikombe bado kinaonyesha sakafu yake.

Ndipo akajikaza akaenda kwenye lango. Damalie alikuwa na sufuria mbili kubwa za maji ya chai, zinachemka tangu asubuhi.

"Mama, nakuomba maji ya mfuniko."

"Ya nini?"

"Ya mfuniko. Yale yanayodondoka ukiufunua. Ya mtoto."

Damalie alimtazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia ugomvi. Akatazama kifundo cha mkono kilichofura.

"Anakula?"

"Hali, mama."

Damalie alichukua beseni, akafunua sufuria ya kwanza, akainamisha mfuniko.

Kila adhuhuri alimtuma mtu na kikombe kilichofunikwa kwa sahani. Siku moja alikileta mwenyewe. "Leo mvua yako imenyesha nusu kikombe," alisema, "na hakuna aliyeifunga." Uji uliokuwa kando ya kitanda ulikuwa umeganda. Aliuona, akaondoka polepole. Taaka alikuwa anaramba maji ya sukari kutoka kidoleni mwa mama yake, hayo tu.

Majani ya zamani hayakuinuka. Lakini asubuhi moja, katikati ya weusi, lilikuwa limetoka jani moja dogo, limejiviringa kama sikio la panya, na kwenye vinywele vyake matone. Madogo. Ulihitaji kuziba pumzi ili uyaone.

Annet alimleta sisimizi. Taaka alimzuia mkono.

"Huyo mkubwa. Mlafi amekuwa mtoto tena. Mpe kidogo."

Walimpata usubi. Wakakaa wawili kwenye kitanda, chupa magotini, uji ukipoa pembeni. Jua likahama kutoka mlangoni hadi kwenye beseni. Jani likajikunja, si sana, ncha tu.

"Mimi pia kidogo," Taaka akasema, akafungua mdomo.

Annet aliharakisha kijiko, hata nusu yake ikaishia kidevuni.