Tangu Lini, na Baada ya Nini

Kila mshonaji anajua kuondoa damu kwenye kitambaa cheupe, kwa kuwa hakuna mshonaji ambaye sindano haijamwonja. Lakini doa hili lilikuwa kwenye shuka, si kwenye kola ya shati la shule. Mshonaji alipiga magoti bafuni akalisugua kwa maji baridi na kipande cha sabuni, masikio yote yakiwa mlangoni. Halikuzidi ukucha wa kidole gumba. Lilikuwa la tatu.

La kwanza alilicheka. Miaka kumi na moja ya ujane, alijiambia, hata bawaba ya mlango ingelia. La pili alilifua bila kucheka. Na hili la tatu, mumewe alilikuta mikononi mwake.

"Nimejichoma sindano," alisema.

Mume akaitazama shuka, akavitazama vidole vyake kumi, kimoja kimoja. "Pole, Mteja," akasema, akaenda zake kazini.

Mteja lilikuwa jina lake la mapenzi. Mume alikuwa na karakana ya kutengeneza vyerehani, na miaka miwili nyuma mshonaji alimpelekea chake kilichokuwa kinakata uzi. Yule bwana hakukigusa. Kwanza aliuliza: kinafanya nini, tangu lini, na baada ya nini? Majibu aliyaandika kwenye kilebo cha karatasi ngumu, akakifunga kwa uzi kwenye shingo ya cherehani. "Mashine haifichi kitu," alimwambia siku hiyo. "Wanaoficha ni wenyewe." Mshonaji alirudi mara nne na cherehani kizima, akisingizia hitilafu, mpaka Fundi akaelewa. Sasa walikuwa na miezi saba ya ndoa. Mshonaji alikuwa na miaka hamsini na minne, na binti yake bado alimwita Bi Harusi kwenye simu.

Siku ile ya doa la tatu Fundi alihamia kwenye kochi, eti mgongo wake unataka mahali pagumu. Kochi lenyewe lilikuwa limebonyea katikati kama beseni. Mshonaji alimpelekea mto. Alijua kitambaa kilichopauka kinavyowekwa kando bila ugomvi, na moyoni alijihesabu kuwa ndicho. Jumanne alipoinuka kutoka mezani akakuta tone jingine, na safari hii hakuna aliyekuwa amemgusa. Alikaa tena, akashona mikono ya mashati kumi na miwili bila kupumzika, ili asipate nafasi ya kufikiri.

Siku ya tisa Fundi alifunga karakana adhuhuri. Akaingia chumba cha kushonea, akakalia kigoda, akatoa kilebo mfukoni na penseli nyuma ya sikio.

"Mteja, mimi sifungui mashine kabla sijauliza. Leo siku ya tisa nalala kwenye kochi kama mgeni, na sijauliza kitu."

"Uulize nini, na mgongo ndio unaokusumbua?"

"Mgongo ni mzima. Niliona damu, nikajua nimekuumiza. Nikaona bora nikae mbali kuliko nikuumize tena."

Mshonaji aliendelea kusukuma kitambaa chini ya sindano mpaka kitambaa kikaisha, cherehani kikawa kinashona hewa. "Mimi nilidhani umenichoka," alisema.

"Nikuchoke? Nimekupata juzi tu."

Ndipo akauliza, na yeye akajibu ameinamisha kichwa, jibu moja baada ya jingine. Walipofika Jumanne, penseli ilisimama. "Hii si ya karakana yangu," Fundi alisema taratibu. "Kesho tunaipeleka kwa wenyewe."

Zahanati ilikuwa na benchi refu, na mshonaji alimwomba mumewe abaki hapo. Muuguzi alikuwa rika la binti yake, mwenye sauti ya upole, na upole huo ndio uliomfunga mdomo. Akasema kichwa kinamuuma kidogo. Muuguzi akampima presha, akaiona nzuri, akaanza kumwandikia vidonge.

Mkono wa mshonaji ulikuwa ndani ya mkoba, umekishika kilebo. Angeondoka na vidonge vile, angerudi nyumbani na lile lile alilokuja nalo. Akakitoa, akakiweka mezani.

*Inafanya nini: inatoka damu kidogo. Tangu lini: miezi miwili. Baada ya nini: mara tatu baada ya tendo la ndoa, mara moja bila sababu. Hedhi: ilikoma miaka minne iliyopita. Mwenyewe: mke wangu. Ishughulikiwe kwa uangalifu.*

Mstari wa mwisho hakuwahi kuuona.

Muuguzi alisoma mara mbili. "Nani kaandika?"

"Mume wangu. Anatengeneza vyerehani."

"Laiti tungempata hapa zahanati." Akaichana karatasi ya vidonge. Kisha akavuta kiti karibu na kueleza kwamba hedhi ikikoma, ngozi ya ndani hukonda na kukauka, ikachubuka kwa jambo dogo, na hilo lina dawa. Hata wasichana hutokwa na matone, kwa mchubuko, kwa maambukizi, au kwa kinyama kidogo kwenye mlango wa kizazi. Msichana likimtokea mara moja, likakoma, anaweza kujiangalia kwanza. Likijirudia, likiwa zito, likija na maumivu au harufu, asingoje. "Lakini wewe, mama, uliyekwisha kukoma hedhi, hata tone moja ni la kuletwa."

"Na saratani, mwanangu?"

"Mara nyingi siyo. Lakini sitakuambia siyo kabla sijaangalia."

Akaangalia. Akachukua kipimo, akamwandikia picha ya kizazi, akaomba yeye na mumewe wapumzike kwanza na tendo la ndoa mpaka majibu yatoke. Chini ya kilebo akajaza: *Itakuwa tayari: wiki mbili.*

Walipitia karakanani. Ukutani kulikuwa na misumari ya vilebo vya kazi zilizokwisha na ya zile zinazosubiri. Fundi alikitundika cha mkewe kwenye zinazosubiri, kikiwa peke yake, mahali atakapokiona kila ainuapo kichwa.

Mshonaji akachukua kilebo kitupu, akaandika amesimama, akakifunga kwa uzi kwenye kifungo cha shati la mumewe. Fundi akavaa miwani, akainamia kifua chake mwenyewe.

*Inafanya nini: inalala kwenye kochi. Tangu lini: siku kumi. Baada ya nini: baada ya kuogopa. Itakuwa tayari:*

"Hapa hujajaza."

"Fundi ni wewe."

Alitoa penseli nyuma ya sikio. Akakitazama kile cha ukutani, kilichokuwa kinazunguka polepole kwenye upepo wa feni, kinageuka na kugeuka tena. Kisha akaandika: *leo.*